Bakapu ya seva za biashara Dar es Salaam: diski ya nje, NAS, kituo cha data au klaudi?

Ukitaka kuchagua bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, usianze na bei wala jina la programu. Anza na maswali mawili. La kwanza: mfumo ukizimika saa 4 asubuhi, kaunta imejaa wateja, biashara yako inaweza kuvumilia kwa muda gani? La pili: mfumo ukirudi, uko tayari kuingiza upya kazi ya muda gani? Ya robo saa, ya tangu asubuhi, au ya tangu juzi? Watu wa IT huyaita RTO na RPO. Wauzaji wengi wa bakapu hawayaulizi, na hapo ndipo mteja anapoishia kununua kitu kizuri kisichomfaa.

Duka la jumla la dawa linalohudumia wateja wa mikoani haliwezi kukaa siku nzima bila mfumo, kwa sababu mzigo haupakiwi bila ankara, na basi la Mbeya halimsubiri mtu. Shule binafsi inaweza kukaa siku mbili bila mfumo wa ada na masomo yakaendelea, lakini haiwezi kupoteza malipo ya mzazi hata mmoja. SACCOS inabanwa na yote mawili. Kwa hiyo katika ulinganisho huu njia zote nazipima kwa siku ya kurejesha: ni janga gani njia hii inalihimili, na inachukua muda gani hadi karani akae tena kwenye kiti chake na kuuza.

Majanga ya hapa kwetu

Dar ina orodha yake. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huharibu diski na kuikatiza kanzidata, yaani hifadhi ya rekodi za mfumo, ikiwa katikati ya kuandika. Tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikakosa umeme, lakini hata bila tukio la ukubwa huo, kuna mitaa inayojua vizuri umeme wa kuruka. Mvua za masika hufurika bonde la Msimbazi, na barabara ya pale Jangwani hufungwa. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021. Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapohapo Kariakoo, watu wakapoteza maisha na wengine wakapoteza ndugu pamoja na mali yote ya biashara. Sipendi kulitaja kama mfano wa kompyuta, lakini ndilo linaloonyesha kwa nini nakala iliyo ndani ya jengo moja na seva haitoshi.

Juu ya hayo kuna wezi, kuna ransomwea, yaani programu inayofunga mafaili yako yote kisha inadai pesa, na kuna mkono wa binadamu. Kwa ninavyoona mimi, huo mkono ndio unaoita mafundi mara nyingi kuliko moto na mafuriko vikichanganywa: mtu amefuta jedwali, amebadilisha bei za bidhaa zote badala ya moja, au amesasisha programu bila kuchukua nakala kwanza. Njia inayokulinda dhidi ya moto inaweza isikusaidie chochote dhidi ya mkono, na kinyume chake.

Diski ya nje

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mazungumzo yake nayasikia kila mara, na hivi karibuni nimeyasikia kwa mama mmoja mwenye duka la vipuri Gerezani:

"Bakapu ipo, mwanangu. Kila jioni kijana anachomeka diski."

"Vizuri, mama. Na usiku diski inalala wapi?"

"Si hapohapo juu ya kompyuta."

Diski inayolala juu ya kompyuta inakulinda hasa dhidi ya jambo moja, kufa kwa diski ya ndani. Mwizi anachukua vyote viwili, moto unaunguza vyote viwili, na ransomwea inaiona diski iliyochomekwa kama folda nyingine ya kufunga. Mama huyo sikumwambia aitupe. Nilimwambia anunue ya pili, ziende kwa zamu: moja ikiwa dukani, nyingine iko nyumbani kwake Mbagala, na kila Jumamosi zinabadilishana. Diski iliyochomolewa haiwezi kuguswa na kirusi chochote duniani, na hilo ni jambo ambalo hata huduma za gharama kubwa hulitafuta kwa shida.

Mwaka 2017 kampuni ya meli ya Maersk ilishambuliwa na kirusi cha NotPetya. Seva zake zinazosimamia watumiaji na paswedi, zilizotawanyika nchi nyingi na zilizokuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, zilifutwa zote isipokuwa moja ya ofisi ya Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva ikawa nje ya mtandao. Kampuni yenye uwezo wote ule iliokolewa na mashine iliyokuwa imezimwa.

Udhaifu wa diski ni kwamba inategemea kumbukumbu ya mtu. Kijana akienda likizo, bakapu nayo inakwenda likizo. Pia data yote ya wateja inatembea kwenye daladala, kwa hiyo diski lazima isimbwe, yaani ifungwe isisomeke bila ufunguo. Windows Pro inayo BitLocker bila malipo ya ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitakusamehe kwa kusema diski ilisahaulika kwenye kiti.

NAS ofisini

NAS ni kisanduku chenye diski mbili au zaidi, kinachokaa kwenye mtandao wa ofisi na kuvuta nakala chenyewe. Synology na QNAP ndizo zinazojulikana zaidi. Ukilinganisha na diski ya nje, faida yake kubwa ni kwamba haihitaji mtu akumbuke. Faida ya pili ni snapshoti: hali ya folda ilivyokuwa saa 6 mchana inabaki hata kama saa 7 mtu ameharibu kila kitu. Kwa ajali ya mkono, sijui kitu kinachorudisha kazi haraka kuliko NAS nzuri iliyo kwenye chumba cha pili.

Watu wawili hukosea hapa kwa namna mbili tofauti. Wa kwanza anadhani RAID ni bakapu. Diski mbili zinazoandika kitu kilekile zinakuvusha diski moja ikifa, lakini ukifuta faili linafutwa kwenye zote mbili papo hapo. Wa pili anaifungua NAS kwenye intaneti ili aone mafaili akiwa nyumbani. Januari 2022 ransomwea iitwayo Deadbolt iliwafunga wamiliki wengi wa QNAP kwa njia hiyohiyo: vifaa vyao vilikuwa vinaonekana moja kwa moja kutoka nje. Ukihitaji kuifikia ukiwa mbali, pita kwenye VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti. Na akaunti ya kuisimamia isiwe ileile ya msimamizi wa Windows, ili aliyeiba ufunguo mmoja asifungue milango yote.

Kuhusu umeme, NAS na seva viwe kwenye UPS, yaani betri ya dharura, na ile waya ya USB inayokuja na UPS ichomekwe. Nimeikuta mara nyingi ikiwa bado imefungwa na kamba yake ndani ya boksi. Bila waya hiyo UPS inakupa dakika chache tu za kusikia mlio, kisha seva inazimika kama vile UPS haikuwepo. Ikiwa imechomekwa na programu yake imewekwa, seva inaambiwa betri inaisha, inafunga kanzidata kwa utaratibu na kujizima.

Hata hivyo NAS bado iko ndani ya jengo lako. Kwa moto, mafuriko na mwizi haina tofauti na diski ya yule mama wa Gerezani.

Seva ya pili inayonakili moja kwa moja

Wengine huleta seva ya pili, wakaunganisha kanzidata ili kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kiandikwe kwenye ya pili. Kwa RTO, yaani muda wa kurudi kazini, hakuna njia inayoishinda: ya kwanza ikifa, unahamia ya pili ndani ya dakika. Kwa biashara isiyoweza kusimama, inastahili gharama yake.

Ila hii si bakapu, na nalisema hili kwa msisitizo wote kwa sababu nimeona wenye biashara wakiuziwa kama bakapu. Agizo la kufuta nalo linanakiliwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya mtandaoni ya kutunzia kazi za waandishi wa programu, alikuwa akihangaika usiku na kanzidata mbili za aina ya PostgreSQL ambazo ya pili ilikuwa imebaki nyuma ya ya kwanza. Akafuta folda la data akidhani yuko kwenye ya pili, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alipositisha, katika GB 300 zilibaki kama GB 4.5. Wakakimbilia nakala zao: ile ya pg_dump, programu ya kutoa nakala ya PostgreSQL, haikuwepo kabisa, kwa sababu toleo la programu lililotumika halikulingana na toleo la kanzidata, na barua pepe za kuonya kuhusu kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa sababu nyingine, takriban saa sita kabla ya ajali. Kazi ya muda huo wote ikapotea.

Hao ni watu waliokuwa na njia tano za bakapu na za kunakili moja kwa moja, na wataalamu wa kutosha. Walichokosa ni mtu aliyewahi kujaribu kurejesha.

Kituo cha data hapahapa nchini

Unaweza kukodi nafasi kwenye kituo cha data, ukaweka seva yako au ukapewa seva pepe, yaani sehemu ya seva kubwa inayofanya kazi kama seva kamili. Dar ina Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama kinachoendeshwa na TTCL, na wapo watoa huduma binafsi kama Wingu Africa. Kwa biashara ya Dar njia hii ina sifa moja isiyozungumzwa vya kutosha: njia ya data inaweza kubaki ndani ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Aliyehitaji kushusha nakala yake kutoka nje ya nchi wiki ile alikuwa na kazi. Aliyekuwa na nakala Kijitonyama angeweza kuchukua gari na diski, akaenda kuichukua kwa mkono.

Kwenda na gari si utani. Kwa kanzidata kubwa, mara nyingi ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na katika mkataba uliza wazi kama unaruhusiwa kuingia na diski usiku wa manane au siku ya sikukuu, nani anakufungulia, na kwa ada gani.

Udhaifu ni kwamba ni mji uleule. Moto wa Kariakoo haufiki Kijitonyama, na vituo hivi vina jenereta, lakini janga la mji mzima linawagusa nyote. Mwenye tawi Dodoma au Arusha anaweza kuweka NAS ya pili huko na kutuma mabadiliko ya kila usiku kupitia mkongo wa taifa. Kama kampuni yako tayari ina tawi mkoani, hesabu hii kwanza kabla ya kulipia kitu kingine: kifaa unanunua mara moja, chumba na umeme tayari unavilipia.

Klaudi

Klaudi ni kukodi nafasi kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti. Faida yake ni umbali na ukubwa. AWS, klaudi ya Amazon, ilifungua kituo chake Cape Town mwaka 2020, Microsoft Azure ipo Johannesburg tangu 2019, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Nakala iliyoko Afrika Kusini haijui habari za mafuriko ya Msimbazi.

Nakala hiyo pia inaweza kuwekewa kufuli la muda. Kwenye S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, linaitwa Object Lock: ukisema faili lisifutwe kwa siku 30 kwa hali kali ya kufuli hilo, hata wewe mwenye akaunti huwezi kulifuta kabla ya siku hizo. Dhidi ya ransomwea, na dhidi ya mfanyakazi aliyeondoka na hasira, hilo ndilo jambo ninalolithamini zaidi kwenye klaudi yote. Backblaze B2, huduma nyingine ya klaudi, nayo ina kufuli kama hilo, na ilipopandisha bei Oktoba 2023 ilifika dola 6 za Marekani kwa TB moja kwa mwezi, ila vituo vyake haviko Afrika.

Tatizo ni kurudi. Hebu tuchukue seva ya GB 500, ukubwa wa kawaida kwa kampuni ya kati yenye kanzidata, ankara zilizoskaniwa na mafaili ya wafanyakazi. Hesabu hii inadhani mstari unakupa kasi kamili muda wote, jambo ambalo si la kawaida:

| Nakala iko wapi | Muda wa kurejesha GB 500 |
|---|---|
| Diski ya nje, MB 100 kwa sekunde | saa 1 na dakika 23 hivi |
| NAS kwa kebo ya mtandao ya gigabiti 1 | saa 1 na dakika 7 hivi |
| Klaudi, intaneti ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) | saa 11 hivi |
| Klaudi, intaneti ya Mbps 50 | saa 22 hivi |
| Klaudi, intaneti ya Mbps 20 | saa 55 na nusu hivi |

Ofisi yenye Mbps 20 iliyoweka kila kitu klaudi peke yake imekubali, bila kujua, kukaa zaidi ya siku mbili bila mfumo. Kama muuzaji hakukufanyia hesabu hii, ifanye wewe mwenyewe. Zipo njia za kupunguza. Rejesha kanzidata ya mauzo kwanza, labda GB 30 tu, halafu mafaili ya zamani yaje taratibu. Au washa seva pepe hukohuko klaudi, makarani wakaingia kwa mbali huku ofisini mnatengeneza. Hiyo ya pili ni nzuri sana, lakini inataka iwe imepangwa na kujaribiwa kabla, na intaneti ya ofisi iwe hai.

Kuna mambo mengine ya klaudi ambayo huuma baadaye. Malipo ni kwa dola, na shilingi inapopanda na kushuka, bajeti inayumba nayo. AWS hutoza data inayotoka, baada ya GB 100 za kwanza za mwezi. Kadi ya benki iliyofungwa kwenye akaunti ikiisha muda, au ikiwa ni ya mfanyakazi aliyeacha kazi, huduma inasimama na baada ya muda data inaweza kufutwa. Sajili akaunti kwa barua pepe ya kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, kwa hiyo hospitali, shule na taasisi za fedha zizungumze na mwanasheria kabla ya kuhamisha chochote. Nakala isimbwe kabla haijatoka ofisini, na ufunguo ubaki kwako, si kwa mtoa huduma. Ukiupoteza ufunguo huo, nakala ni takataka.

Wala usidhani klaudi haiungui. Machi 2021 jengo la OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia bakapu, kumbe nakala zilikuwa katika kituo hichohicho.

Kanzidata inataka njia yake

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu unaweza kununua NAS nzuri na klaudi nzuri, na bado ukawa na nakala zisizofunguka.

Kanzidata inayofanya kazi hainakiliwi kwa kukopi folda. Faili la mdf, yaani faili kuu la data la SQL Server (kanzidata ya Microsoft), huwa limefungwa seva ikiwa inafanya kazi, na programu ya kawaida ya kukopi ama italiruka ama italeta kitu kilichochanika katikati. MySQL, aina nyingine ya kanzidata, inaweza kukuruhusu ukopi, na ndiyo hatari zaidi, kwa sababu faili linaonekana zima hadi siku unapolihitaji.

Njia ya kwanza sahihi ni dampu: mysqldump, au pg_dump kwa PostgreSQL. Inatoa data kama maagizo ya SQL, inahamishika kutoka seva moja hadi nyingine kwa urahisi, na inafaa kwa kanzidata ndogo na za kati. Kwa MySQL yenye majedwali ya InnoDB (aina yake ya kawaida ya majedwali), weka `--single-transaction` ili nakala iwe ya wakati mmoja bila kuwafungia makarani. Ubaya wake ni polepole wakati wa kurejesha, maana indeksi zote hujengwa upya. Njia ya pili ni nakala ya kurasa zenyewe: BACKUP DATABASE kwa SQL Server, pg_basebackup kwa PostgreSQL, XtraBackup kwa MySQL. Kanzidata ikishakuwa kubwa, hii inarejesha haraka zaidi.

Juu ya hizo mbili unaweka logi, yaani kumbukumbu ya kila badiliko. Ukiwa na nakala kamili ya jana usiku na logi za kila robo saa, huna haja ya kurudi jana. Karani ameendesha agizo la kubadilisha bei saa 5:42 asubuhi akasahau kuweka sharti la bidhaa, na bidhaa zote zimekuwa za shilingi 3,500. Unarejesha hadi saa 5:41. Bila logi, mauzo yote ya asubuhi yanaandikwa upya kutoka kwenye karatasi.

SQL Server ina mtego hapa. Ukiiweka kwenye hali ya kurejesha kamili bila kupanga nakala za logi, faili la logi litakua mpaka lijaze diski, na mfumo utasimama siku ya mauzo makubwa. Fundi atakuja, ataibadilisha iwe hali rahisi, logi itapungua, kila mtu atafurahi, na uwezo wa kurudi saa 5:41 utakuwa umeondoka kimyakimya. Fundi akigusa hapo, mwulize amegusa nini.

Toleo la bure, SQL Server Express, ambalo mifumo mingi ya mauzo hapa mjini huja nalo, halina SQL Server Agent wa kupanga kazi. Bakapu haijiendeshi yenyewe. Inabidi uandike agizo la sqlcmd na kulipangia muda kwenye Task Scheduler ya Windows. Kwenye Express, nakala zisizokuwepo nazikuta zaidi kuliko mahali pengine popote. Na ikiwepo, tazama ukubwa wa mafaili: ukiona ya usiku ni GB 6, GB 6, GB 6, kisha KB 0, KB 0, diski imejaa na hakuna aliyeambiwa. Wanaotumia Tally, programu ya uhasibu, nao watumie bakapu iliyo ndani ya programu yenyewe, si kukopi folda huku mhasibu bado ameingia.

Ningechagua nini

Kwa duka dogo lenye kompyuta moja na kanzidata ya GB chache: diski mbili za zamu zilizosimbwa, na dampu ya kila usiku kwenda klaudi. Kwa ukubwa huo hata bando la kawaida linatosha, na NAS ni gharama isiyo ya lazima.

Kwa kampuni ya kati, yenye seva moja au mbili na watu 10 hadi 50, ningeweka NAS kwa ajili ya kurejesha haraka na klaudi yenye kufuli kwa ajili ya siku mbaya kabisa. Hapo unatimiza ile kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Logi za kanzidata kila robo saa kwenda NAS, na nakala kamili kila usiku kwenda vyote viwili. Kati ya klaudi ya nje na kituo cha Kijitonyama, nachagua klaudi kama data si nyeti na intaneti ni ya Mbps 50 kwenda juu, nachagua Kijitonyama kama data ni kubwa au sheria inabana. Mwenye tawi mkoani, tawi lishike nafasi ya klaudi, mradi kuna nakala isiyoweza kufutwa kutoka Dar.

Hospitali, SACCOS kubwa na wasambazaji wasioweza kusimama hata saa moja wanahitaji seva ya pili inayonakili pamoja na hayo yote, si badala yake.

Rekodi za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, kwa hiyo nakala ya kila mwisho wa mwaka iwekwe kando na isiingie kwenye mzunguko wa kufutwa.

Kabla ya kusaini mkataba na yeyote, mwombe arejeshe kanzidata yako moja mbele yako, kwenye kompyuta tupu, wewe ukishika saa. Kisha usitosheke na kuona programu imefunguka. Chagua siku moja ya wiki iliyopita, toa jumla ya mauzo kwenye mfumo uliorejeshwa, uilinganishe na ripoti ya Z ya mashine ya EFD ya siku hiyohiyo. Zikilingana, fanya hivyo tena kila baada ya miezi mitatu na uchague siku nyingine. Zisipolingana, mwambie akaonyeshe tofauti imetoka wapi kabla hujamlipa chochote.